Tuutazame Upanga wa Kuku Kabla ya Kushika Dawa

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana wa bayolojia katika shule moja ya sekondari mkoani Singida, jirani yangu alinijia jioni akiwa amempakata kuku jike. Alikuwa mama wa makamo, mwenye umri wa kunizaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, kisha akasema: "Mwanangu, wewe wafundisha watoto habari za maradhi. Hebu nitazamie kuku wangu huyu." Kuku yule alikuwa akilea vifaranga 14. Upanga wake, pamoja na ngozi iliyoyazunguka macho, ulikuwa umejaa vigaga vidogo vyeusi.

Nilimtazama nikiwa nimesimama hatua mbili mbali naye, katika mwanga wa jua lililokuwa likizama, nikatamka kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufaulu mtihani: "Hiyo ni ndui ya kuku, mama. Ndui haina dawa. Mpe maji safi na majani mabichi, ungoje wiki tatu. Vigaga vitaanguka vyenyewe." Akanishukuru, akaenda zake.

Kila neno nililolisema juu ya ndui lilikuwa la kweli. Kasoro ilikuwa moja tu: kuku yule hakuwa na ndui. Kabla ya wiki tatu kwisha vifaranga 11 walikuwa wamekufa, na wale watatu waliosalia walikuwa wamepauka nyuso kama watu waliotoka katika homa ndefu. Mama yao alikuwa amepofuka jicho moja. Siku hiyo jirani yangu aliniita uani kwake. Alikuwa amekibandua kigaga kimoja kwa ukucha na kukiweka katika kiganja cha mkono wake. "Mwalimu," akasema taratibu, "kigaga chako kina miguu."

Walikuwa viroboto. Nilikuwa nimekwisha kuwafundisha wanafunzi wangu mdudu huyo, na hata kumchora ubaoni kwa chaki za rangi. Lakini nilipoletewa kuku aliye hai sikuchuchumaa kumtazama.

Nimelikumbuka jambo hilo kila nilipowasikia wenzangu wakilalamika kwamba kuku wetu hufa kwa sababu dawa ni ghali au hazipatikani. Ni kweli kwamba dawa ni ghali. Hata hivyo, kwa maradhi yanayoonekana katika ngozi ya upanga, naona kasoro yetu ya kwanza si uhaba wa dawa. Ni haraka ya kutoa jina, na baada ya jina kutoa dawa, kabla macho hayajafanya kazi yake. Na ikiwa kuna mahali ambapo haraka hiyo yaweza kutibiwa kwa gharama ndogo, mahali hapo ni shule ya sekondari, na kifaa cha kufundishia ni upanga wa kuku.

Upanga, ambao wengine huuita undu na wengine kishungi, ni ile nyama nyekundu iliyo juu ya kichwa cha kuku. Wenzake ni ndevu, yaani zile nyama mbili zinazoning'inia chini ya mdomo. Watu wengi huudhani kuwa ni pambo tu. Ni pambo kweli, kwani mitetea huutazama wanapochagua jogoo. Lakini una kazi nyingine pia. Kuku hana tezi za jasho. Damu inayopita kwa wingi katika upanga na ndevu, chini ya ngozi nyembamba isiyo na manyoya, humsaidia kutoa joto la mwili. Kwa kuwa damu iko karibu hivyo na uso wa ngozi, upanga hutangaza habari za ndani. Mtetea anapokaribia kutaga, upanga wake hukua na kuiva wekundu. Anapoacha kutaga hunywea. Akiwa na minyoo mingi, au akinyonywa na utitiri usiku kucha, hupauka.

Sayansi yenyewe ina deni kwa kiungo hiki. Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, Arnold Adolph Berthold aliwahasi majogoo sita wachanga. Wawili aliwaacha bila makende kabisa. Wanne waliosalia aliwapandikizia kende moja moja tumboni, wawili wakirudishiwa la kwao na wawili wakipewa la mwenzao. Wale wawili wa kwanza walikua wakiwa na panga ndogo zilizopauka, hawakuwika wala kupigana. Wale wanne walikuwa majogoo kamili wenye panga nyekundu zilizosimama. Kwa kuwa mishipa ya fahamu ya yale makende ilikuwa imekatwa, Berthold alikata shauri kwamba kuna kitu kilichosafiri ndani ya damu. Leo kitu hicho twakiita homoni. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1902, William Bateson aliyatumia maumbo ya panga za kuku kuonyesha kwamba kanuni za urithi alizozigundua Mendel katika mimea ya njegere zafanya kazi hata kwa wanyama.

Namwomba msomaji kijana awakumbuke wale majogoo wawili wa Berthold walioachwa bila kupandikizwa. Bila wao jaribio lile lisingethibitisha chochote. Nitawarudia.

Sasa tuje kwenye vigaga. Kwa mtu anayetazama akiwa amesimama, upanga wenye madoa ni upanga wenye madoa. Kwa mtu aliyechuchumaa, akamshika kuku kwa upole na kuugeuza upanga kwenye mwanga wa asubuhi, yako mambo manne yanayotokea mara nyingi katika nyua zetu, nayo hayafanani hata kidogo.

La kwanza ni ndui yenyewe. Husababishwa na virusi vilivyo katika jamaa moja na virusi vya ndui ya binadamu, ile iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1980 kuwa imetokomezwa. Hapa wanafunzi hukosea mara nyingi, kwa sababu jina la Kiingereza la tetekuwanga linamtaja kuku. Tetekuwanga haihusiani na kuku, na virusi vyake ni vya jamaa nyingine kabisa. Wala ndui ya kuku haimpati binadamu. Virusi vya ndui ya kuku haviwezi kupenya ngozi iliyo nzima. Huhitaji mlango, na mlango huo hufunguliwa na mbu anayeuma, au na mkwaruzo uliopatikana katika kupigana na kudonoana. Ndiyo maana ndui huzidi majira ya mvua, mbu wanapokuwa wengi. Baada ya siku 4 hadi 10 huonekana vidoa vyeupe, kisha vinundu vya manjano vilivyoinuka kama chunjua, navyo hukauka vikawa vigaga vya rangi ya hudhurungi au nyeusi. Vigaga hivyo vimeshikamana na ngozi, vina uso wa kukwaruza, ukubwa wake hutofautiana, na aghalabu katika kuku mmoja utaviona vya kila umri: vingine ndiyo kwanza vinachipua, vingine vimekwisha kukauka.

Aina hiyo ya ngozi mara chache humuua kuku mkubwa. Hatari ipo pale ndui inapoingia kinywani na kooni, ikaota utando mzito wa manjano unaofanana na maziwa yaliyoganda. Hapo kuku hushindwa kula, na mwisho hushindwa kupumua. Kwa hiyo asitazamwe upanga tu. Na afunguliwe mdomo pia.

Hakuna dawa inayoua virusi hivyo ndani ya kuku. Yanayofaa ni kumtenga mgonjwa, kumpa chakula laini na majani mabichi kama mchicha yenye asili ya vitamini A, kumwosha macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo yanapoziba, na kupaka ayodini palipochubuka ili bakteria wasivamie. Vigaga visibanduliwe. Kila kigaga kinachobanduliwa huacha kidonda kinachovuja damu, na kigaga chenyewe kikianguka bandani huendelea kuhifadhi virusi vilivyo hai kwa miezi mingi. Vinavyoanguka vyenyewe vifagiliwe na kuchomwa moto.

La pili ni wale viroboto wa jirani yangu. Kiroboto huyu, ambaye wanasayansi humwita Echidnophaga gallinacea, ana tabia isiyo ya kiroboto. Hatumzoei hivyo: kiroboto twamjua kwa kuruka. Jike wa aina hii akishapata ngozi laini huichoma kwa mdomo wake, akajishikiza, na kukaa papo hapo kwa wiki kadhaa akinyonya damu na kutaga mayai. Urefu wake ni kama milimita moja na nusu. Hukaa kwa makundi kwenye upanga, kwenye ndevu na kuzunguka macho, kila mmoja akiwa karibu sawa na mwenzake kwa ukubwa na rangi. Hapo ndipo ilipo dalili ambayo mimi niliikosa. Vigaga vya ndui hutofautiana. Viroboto hulingana, kama mbegu zilizomwagwa. Ukitazama kwa lenzi ya kukuzia utaona migongo inayong'aa na miguu. Ukikosa lenzi, paka mafuta ya mgando kwa wingi mahali pamoja, subiri, kisha ufute kwa pamba nyeupe. Vitakavyobaki kwenye pamba vitajieleza vyenyewe.

Kuku mkubwa aweza kuwastahimili viroboto wachache. Kifaranga hawezi, maana damu yake yote ni kidogo. Ndivyo walivyokufa wale 11. Vidonda wanavyovifanya kando ya macho huweza kupofusha, na kuku asiyeona hali wala hakimbii mwewe.

Tiba ya kiroboto ni kinyume kabisa cha tiba ya ndui. Ndui yataka subira, kiroboto hataki kusubiriwa hata siku moja. Mafuta ya mgando, au mafuta ya kula yakikosekana hayo, hupakwa juu ya makundi yao ili wakose hewa, kwa uangalifu yasiingie machoni. Wanaosalia huondolewa kwa kibano. Lakini mtu akiishia hapo amefanya robo ya kazi. Mayai hayako juu ya kuku. Huanguka chini, na mabuu huishi katika vumbi na takataka za banda, wakila uchafu pamoja na kinyesi cha viroboto wenyewe chenye damu, hata wanapokuwa tayari kumpanda kuku mwingine. Kwa hiyo banda lifagiliwe mpaka pembeni, takataka zichomwe, na kazi hiyo irudiwe kila baada ya siku chache kwa muda wa mwezi mmoja au miwili. Banda lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye sakafu ya fito zinazoachana, huwanyima mabuu makao yao. Mbwa na paka wa nyumbani watazamwe masikio, na panya wapigwe vita, kwani kiroboto huyu huwapanda wote hao. Ikilazimu kutumia unga wa kuua wadudu, uwe ule ulioidhinishwa kwa kuku, kwa kipimo kilichoandikwa. Sumu ya pamba au ya mahindi isisogezwe karibu na banda.

Jambo la tatu ni ukungu. Huonekana mara chache zaidi, nasi aghalabu tunaupita bila kuujua. Upanga huwa kama ulionyunyiziwa unga wa muhogo: madoa meupe makavu, yanayopanuka polepole na kuungana, bila vinundu na bila damu. Kuku huonekana mzima. Ukungu huu ni wa jamaa moja na ule unaoleta mashilingi vichwani mwa watoto, na mara chache huweza kumpata binadamu, hivyo mwenye kumshika kuku huyo anawe mikono kwa sabuni. Dawa ya kupaka ya ukungu, au ayodini, hutumika kwa siku nyingi mfululizo. Nimeona watu wakikata tamaa siku ya tatu.

La nne halihitaji maelezo marefu. Ni jeraha la kudonolewa. Huwa moja au mawili, yenye umbo lisilo na taratibu, na damu iliyokauka. Kuku akiona wekundu wa damu hudonoa tena, kwa hiyo aliyejeruhiwa atengwe, jeraha lisafishwe kwa maji ya chumvi na kupakwa ayodini. Kisha mfugaji ajiulize kwa nini wanadonoana; mara nyingi jibu ni nafasi finyu au majogoo wengi mno.

Nje ya hayo manne, mwanafunzi ajue jambo moja lisilo la kuchezewa. Upanga unaogeuka ghafla kuwa wa zambarau au mweusi, au kuvimba pamoja na uso, hasa kuku wengi wanapokufa kwa muda mfupi, si maradhi ya ngozi. Huenda ikawa kideri, au hata mafua makali ya ndege, kama yale yaliyothibitishwa nchini Uganda mwaka 2017 kando ya Ziwa Victoria. Hapo somo la uchunguzi limekwisha. Kuku hao wasipasuliwe, wasiuzwe wala wasiliwe. Aitwe mtaalamu wa mifugo.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu nataka msomaji apime mwenyewe ubaya wa desturi tuliyo nayo. Desturi yetu ni dawa moja kwa madoa yote. Mahali pengine dawa hiyo ni oili chafu iliyotolewa katika gari. Mahali pengine ni mafuta ya taa, yanayounguza ngozi ile ile tunayotaka kuiponya. Na siku hizi, kila mahali, ni kiuavijasumu. Nimeona kapsuli ya tetrasaiklini iliyobaki baada ya ugonjwa wa mtoto ikifunguliwa na kumwagwa katika maji ya kuku wenye ndui. Kapsuli ile haiui virusi. Haimgusi kiroboto. Haiuzuii ukungu. Inachoweza kufanya ni kuua bakteria dhaifu waliomo ndani ya kuku na kuwaachia uwanja wale sugu, na kuacha mabaki katika mayai ambayo familia itayala kesho asubuhi. Dawa hizo zina mahali pake, pale ambapo mtaalamu ameona kwamba bakteria wamekwisha kuvamia vidonda. Na hapo zina kipimo, na zina idadi ya siku ambazo mayai na nyama havipaswi kuliwa. Vitu viwili hivyo mtu anayefungua kapsuli kwa meno hana habari navyo.

Lakini kwa nini mtu mwenye akili timamu aendelee na desturi isiyofaa? Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba ni ujinga. Si ujinga. Mtu huyo ana ushahidi. Aliwapa kuku wake kapsuli, na baada ya wiki tatu vigaga vikaanguka. Jirani yake alipaka oili chafu, navyo vikaanguka. Mwingine alitumia utomvu wa mshubiri, mwingine pilipili, mwingine majivu, na wote waliona kuku wao wakipona. Wote wanasema kweli. Tatizo ni kwamba ndui ya ngozi hupona yenyewe kwa muda wa wiki mbili hadi nne, na ugonjwa wa namna hiyo huisifia kila dawa iliyotumika. Hata kama angepakwa mate, kuku yule angepona.

Ndipo nawarudia majogoo wawili wa Berthold. Walikuwepo ili wale wanne wapate kulinganishwa nao. Mfugaji anayewatibu kuku wake wote hana wa kulinganisha, na asiye na wa kulinganisha hawezi kujua kama dawa yake ilifanya kazi au ilisindikiza tu. Wazo hilo ni kiini cha mbinu ya sayansi, nalo twalifundisha katika vitabu kwa mifano ya mimea iliyowekwa kabatini na mimea iliyowekwa dirishani, mifano ambayo mwanafunzi huikariri na kuiacha ndani ya chumba cha mtihani. Mbona tusiifundishe kwa kitu ambacho kesho yake kitamfaa mama yake?

Sipendi nieleweke vibaya juu ya dawa za asili. Sisemi kwamba mshubiri haufai. Nasema kwamba hatuwezi kuwa na haki ya kuusifu wala kuudharau mpaka wapatikane kuku kumi wenye ndui, watano wapakwe, watano watunzwe vile vile kwa chakula na maji bila kupakwa, na mtu ahesabu vigaga kila siku na kuandika. Kazi hiyo haihitaji maabara ya kifahari. Yahitaji daftari, rula, lenzi ya kukuzia na mwalimu asiyeona haya kushika kuku. Wala watano wasiopakwa hawaonewi: wanapata matunzo yote yanayojulikana kufaa.

Baadhi ya walimu wenzangu wamenijibu kwamba hiyo ni kazi ya mabwana na mabibi mifugo, si ya shule. Nawaheshimu wataalamu hao, na nimewaona wakizunguka vijiji vingi kwa baiskeli mbovu. Lakini mtaalamu mmoja hawezi kuutazama kila upanga, ilhali karibu kila nyumba ina mwanafunzi. Tena tusisahau kwamba shule zetu za Tanzania zilikwisha kupewa mwito wa namna hii mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na nyingi zilijenga mabanda ya kuku. Kwa maoni yangu, mengi ya mabanda yale hayakudumu kwa sababu tuliyafanya kuwa mahali pa kutolea jasho na pengine adhabu, badala ya kuyafanya darasa. Mwanafunzi alipewa ufagio, hakupewa lenzi.

Liko jambo jingine ambalo shule inaliweza kuliko mfugaji mmoja, nalo ni chanjo. Chanjo ya ndui ya kuku ipo na inafaa. Hutolewa kwa kuutoboa utando wa bawa kwa sindano ndogo yenye ncha mbili iliyochovywa katika chanjo, njia inayotukumbusha ile iliyowaacha wazee wetu na alama mkononi. Siku 7 hadi 10 baadaye kinundu kidogo chapaswa kuonekana mahali palipotobolewa. Kisipoonekana, yawezekana chanjo iliharibika, au kuku alikuwa na kinga tangu awali. Kukagua vinundu hivyo ni kazi ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifanya vizuri kabisa.

Kikwazo ni hesabu. Chupa moja ya chanjo hiyo aghalabu ina dozi mamia, pengine 1,000, na ikishachanganywa yapasa itumike yote kwa muda wa saa chache tu, nayo sharti ikae kwenye ubaridi mpaka wakati huo. Mama mwenye kuku 12 hawezi kununua dozi 1,000 ili amwage 988. Kwa hiyo hachanji, na ndui humkuta kila masika. Lakini shule ya sekondari yenye wanafunzi 400 inaweza kutangaza siku moja, kabla ya mvua, kwamba wanafunzi wa kutwa na wanakijiji walete kuku wao walio wazima asubuhi na mapema. Mtaalamu wa mifugo aje na chupa yake katika barafu. Wanafunzi washike mabawa na kuandika majina ya wenye kuku. Gharama ikigawanywa kwa kuku wote haitafikia bei ya yai kwa kila mmoja. Wale wenye dalili za ugonjwa wasichanganywe na wenzao, bali waachwe nyumbani na kutembeleliwa huko.

Siku kama hiyo mwalimu ana masomo ya muhula mzima mkononi. Aweza kueleza kinga ya mwili bila kuchora mchoro. Aweza kusimulia jinsi Alice Woodruff na Ernest Goodpasture, mwaka 1931 nchini Marekani, walivyofaulu kuvikuza virusi vya ndui ya kuku ndani ya yai lenye kiinitete, na jinsi njia hiyo ya mayai ilivyokuja kutumika kutengenezea chanjo ya homa ya manjano, ile ambayo msafiri huulizwa cheti chake mpakani. Wanafunzi watakuwa wameshika kuku mikononi wanapolisikia hilo.

Jirani yangu hakuacha kufuga. Alianza tena na wale vifaranga watatu, na mtetea wake mwenye jicho moja aliendelea kutaga kwa misimu miwili. Yapata mwaka mmoja baadaye alinijia tena jioni na jogoo mwenye doa jeusi kwenye upanga. Nilimwomba anisubiri, nikaenda kuchukua lenzi maabara, nikarudi, nikachuchumaa. Tulimgeuza jogoo yule huku na huku kwa muda mrefu, yeye akimshika na mimi nikitazama. Alikuwa amedonolewa na mwenzake, basi.